"Damu yetu mnaipeleka wapi?" Swali la wananchi na wajibu wa wanasayansi

Watafiti wa afya katika Afrika Mashariki na Kati wanazidi kutakiwa kutoka maabarani na kujieleza mbele ya umma. Uchambuzi huu unaangalia kwa nini mazungumzo hayo yamekuwa suala la kufa na kupona, na kwa nini aghalabu huchelewa.

Mtafiti aliyewahi kusimama mbele ya baraza la kijiji katika pwani ya Kenya au Tanzania analijua swali hili. Atakuwa amekwisha kueleza habari za malaria, za mbu na za chanjo inayotarajiwa. Watu watakuwa wamemsikiliza kwa adabu. Kisha mmoja wao atasimama na kuuliza: damu mnayotoa kwa watoto wetu, mnaipeleka wapi?

Wapo wanaolisikia swali hilo na kutabasamu, wakiliona ni ushirikina uliobaki kutoka enzi za mababu. Lakini katika miaka ya karibuni swali hilo, na mengine yanayofanana nalo, limeonyesha kuwa lina nguvu ya kusimamisha kampeni za chanjo, kufunga vituo vya matibabu na kuvunja miradi iliyogharimu mamilioni ya dola. Kaskazini mwa Nigeria lilichangia kurudi kwa ugonjwa wa kupooza. Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo lilisikika huku Ebola ikiendelea kuua. Mwezi Agosti mwaka 2025 serikali ya Burkina Faso ilisimamisha mradi wa kimataifa wa mbu waliobadilishwa jeni, ingawa wanavijiji wa eneo la utafiti walikuwa wameshirikishwa kwa miaka mingi.

Kwa hiyo mihadhara ya wazi, vikao vya vijijini, vipindi vya redio na siku za kuwakaribisha wananchi maabarani haviwezi tena kuhesabiwa kuwa ni mapambo ya utafiti. Suala lililopo ni nani anayezungumza, kwa lugha gani, na kama mwananchi ana nafasi ya kusema hapana.

Mwana wa mhunzi

Desturi ya kuwafundisha watu wa kawaida sayansi kwa mihadhara ya wazi ina historia ndefu nchini Uingereza. Taasisi ya Royal Institution ilianzishwa mjini London mwaka 1799, na mwanzoni mwa karne ya 19 mihadhara ya mkemia Humphry Davy ilivuta umati mkubwa hivi kwamba, kama inavyosimuliwa, barabara ya Albemarle ilibidi ifanywe ya kwenda upande mmoja tu ili magari ya farasi yapate kupita.

Mwaka 1812 kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi ya kujalidi vitabu alipewa tiketi za mihadhara minne ya Davy na mteja wa duka alilofanyia kazi. Kijana huyo alikuwa mtoto wa mhunzi na hakuwa na elimu ya maana ya shule. Aliandika yote aliyoyasikia, akayajalidi kwa mikono yake mwenyewe na kumpelekea Davy. Mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Jina lake ni Michael Faraday, na mwaka 1831 ndiye aliyegundua jinsi sumaku inayosogea inavyozalisha umeme kwenye waya, kanuni inayoendesha mitambo ya umeme hadi leo, ikiwemo ya mabwawa ya Kidatu na Owen Falls.

Faraday hakulisahau deni lake. Mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya vijana ilianza mwaka 1825, na yeye mwenyewe aliitoa mara 19. Mihadhara hiyo inaendelea mpaka sasa, isipokuwa ilisimama kwa miaka michache wakati wa Vita Vikuu vya Pili.

Kisa hiki hupendwa na wanaotetea mihadhara ya umma, na wana haki. Tiketi nne zilimfungulia mlango mtu ambaye tabaka lake lilikuwa limemfungia. Hata hivyo, kisa hicho kinaonyesha upande mmoja tu: mwenye elimu yuko jukwaani, asiye nayo yuko chini akisikiliza. Kwa zaidi ya karne moja na nusu ulimwengu wa sayansi uliamini kuwa hilo latosha, na kwamba mwananchi akielezwa vizuri atakubali.

Uingereza yapata funzo

Imani hiyo ilitikiswa Uingereza kwenyewe. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulitambuliwa nchini humo mwaka 1986. Kwa miaka kadhaa serikali iliwahakikishia wananchi kuwa nyama ya ng'ombe ni salama, na mwaka 1990 waziri wa kilimo alionekana kwenye televisheni akimpa binti yake mdogo mkate wa nyama ili kuthibitisha hilo. Mwezi Machi mwaka 1996 serikali hiyo hiyo ililazimika kutangaza bungeni kwamba kuna uwezekano mkubwa wa ugonjwa huo kuwafikia binadamu. Watu wasiopungua 170 nchini Uingereza walikufa kutokana na aina hiyo mpya ya maradhi ya ubongo, na mamilioni ya ng'ombe walichinjwa na kuteketezwa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1998, daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha makala katika jarida la Lancet iliyozusha hofu kuwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Makala hiyo ilihusu watoto 12 tu. Jarida liliifuta mwaka 2010 na Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari, lakini wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuwanyima watoto wao chanjo.

Mwaka 2000 kamati ya sayansi ya Baraza la Malordi ilitoa ripoti iliyokiri kuwepo kwa mgogoro wa imani kati ya umma na wanasayansi. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba kuufundisha umma hakutoshi, na kwamba lazima pawepo majadiliano. Wakati huohuo mtindo mpya ulikuwa umeanza mjini Leeds. Mwaka 1998 mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, Duncan Dallas, alianzisha vikao vya sayansi katika mkahawa: mtaalamu mmoja huzungumza kwa muda mfupi bila picha za kompyuta, kisha saa nzima huwa ya maswali ya wasikilizaji. Vikao vya namna hiyo vimeenea katika nchi nyingi, na nchini Uganda vimefika hadi kwa wanafunzi wa shule.

Funzo la Uingereza lina maana kwetu kwa sababu moja. Huko wananchi hawakupoteza imani kwa kuwa hawakusoma. Walipoteza imani kwa sababu waliambiwa jambo kwa uhakika ambao wakubwa wenyewe hawakuwa nao. Anayedhani kuwa shaka juu ya chanjo ni ugonjwa wa vijijini Afrika na autazame mwaka 2019, pale Uingereza ilipopoteza hadhi ya nchi iliyotokomeza surua.

Mumiani

Katika Afrika Mashariki hofu juu ya damu ina jina lake, na jina hilo lina umri mrefu kuliko hospitali zetu nyingi. Mumiani ni neno lililotujia kutoka Uajemi. Kwa asili lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa lami, iliyotumika kutibu mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kamusi ya Kiswahili ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, inaeleza dawa hiyo na pia inataja imani ya watu wengi kwamba ilikuwa imetengenezwa kwa damu ya binadamu waliouawa.

Enzi za ukoloni neno hilo liliwahamia watu. Mumiani akawa ni yule anayenyemelea usiku kunyonya damu, na walioshukiwa walikuwa watumishi wa serikali: askari wa zimamoto, wafanyakazi wa idara ya afya, wawindaji na madereva wa magari mekundu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alikusanya masimulizi hayo kutoka Kenya, Uganda, Kongo na kwingineko, akasema yanastahili kusomwa kama kumbukumbu ya jinsi watu walivyouona utawala wa kigeni: utawala uliochukua kazi zao, ardhi yao na miili yao bila kueleza sababu.

Na hofu haikukosa visa vya kweli vya kuitia nguvu. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo mjini Kano, Nigeria, kampuni kubwa ya dawa ya Marekani iliwajaribia watoto wapatao 200 dawa yake mpya. Watoto 11 walifariki, na familia zilidai hazikuelezwa kuwa watoto wao wamo katika utafiti. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilifikia makubaliano na jimbo la Kano. Kabla ya hapo, mwaka 2003, jimbo hilo lilisimamisha chanjo ya polio kwa miezi kadhaa kwa shaka kwamba inaleta utasa. Virusi vikasambaa na kuingia katika nchi ambazo zilikwisha kusahau ugonjwa huo. Kuumwa na nyoka hufanya mtu akaogopa hata ukuti.

Mfano wa Kilifi

Ni katika pwani hiyohiyo ya mumiani ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ikishirikiana na mfuko wa Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford, ilianzisha kituo chake mjini Kilifi mwaka 1989. Kituo hicho kinafuatilia kumbukumbu za vizazi, vifo na uhamiaji wa zaidi ya watu robo milioni. Ni miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoshiriki majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S, pamoja na Korogwe na Bagamoyo nchini Tanzania.

Wataalamu wa jamii wa kituo hicho wamechapisha bila kuficha waliyoyakuta vijijini. Wazazi wengi hawakutofautisha utafiti na matibabu: kwao, aliyevaa koti jeupe alikuwa daktari, na sindano ilikuwa tiba. Wengine walinong'ona kuwa damu inauzwa, au kwamba kituo kinahusika na ibada za shetani. Kutokana na hayo, katika miaka ya 2000 kituo kiliunda idara ya mahusiano na jamii. Wakaazi walichagua wawakilishi wao, zaidi ya 200 kwa jumla, ambao hukutana na watafiti mara kwa mara. Pakaongezwa mabaraza ya machifu, ziara za wananchi ndani ya maabara, vipindi vya redio na mpango wa kuwakutanisha wanafunzi wa sekondari na wanasayansi.

Ziara za maabara zina faida ya pekee. Mama aliyeiona chupa ya damu ya mwanawe ikiwekwa kwenye mashine, akachungulia kwenye hadubini na kumwona kijidudu cha malaria ndani ya chembe nyekundu, hahitaji tena kuambiwa na mtu damu imekwenda wapi. Naye atakaporudi kijijini ataaminiwa kuliko bango lolote.

Lakini utafiti wa Kilifi umeonyesha pia mipaka ya njia hiyo. Mwakilishi wa kijiji hujikuta katikati: watafiti wanamtaka apeleke habari zao, majirani wanamtaka apeleke malalamiko yao. Akionekana anapewa chochote na kituo, huitwa kibaraka. Asipopewa kitu, anaacha shamba lake kwa kazi isiyo na ujira. Kisha kuna umaskini. Mahali ambapo zahanati ya serikali haina dawa, mzazi anaweza kuingiza mtoto wake katika utafiti kwa sababu tu humo atapata matibabu ya uhakika. Je, ridhaa ya namna hiyo ni ridhaa kamili? Hakuna mhadhara unaoweza kulimaliza swali hilo, maana jibu lake limo katika bajeti za wizara za afya.

Kivu: maneno yaliyochelewa

Pale ambapo uhusiano haukujengwa mapema, gharama yake ilionekana Kivu Kaskazini. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe mosi Agosti mwaka 2018 ulidumu hadi Juni 2020, ukaua watu 2,287 kati ya 3,470 walioambukizwa. Mara hii, tofauti na Afrika Magharibi mwaka 2014, chanjo yenye nguvu ilikuwepo tangu mwanzo, na zaidi ya watu 300,000 waliipata. Kilichokosekana ni imani.

Uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo mwezi Septemba 2018, ukachapishwa katika jarida la Lancet la magonjwa ya kuambukiza, uliwahoji watu 961. Robo yao walisema Ebola haipo. Mwezi Februari 2019 vituo viwili vya matibabu, Katwa na Butembo, vilishambuliwa ndani ya wiki moja. Mwezi Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani kutoka Cameroon, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo.

Ni rahisi kuwalaumu wakaazi. Lakini watu wa Beni walikuwa wakiuawa na makundi ya wenye silaha tangu mwaka 2014, na dunia haikushtuka. Ebola ilipoingia, magari mapya yalifurika, wageni wakapanga nyumba kwa bei ya juu, na fedha zikaonekana. Mwezi Desemba 2018 wakazuiwa kupiga kura ya urais kwa hoja ya Ebola na usalama, huku masoko na makanisa yakiachwa wazi. Mtu anayeona hayo akauliza kama ugonjwa huu ni biashara au siasa, hajapungukiwa akili.

Mambo yalipobadilika, yalibadilika kwa njia za kawaida kabisa. Waliopona walipewa kazi ya kuwahudumia wagonjwa na watoto wao, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga. Vilitumika vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ambapo jamaa waliweza kumwona mgonjwa wao na kuzungumza naye, badala ya kukabidhiwa maiti ndani ya mfuko. Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani aliyekuwa miongoni mwa watafiti wa kwanza kuushughulikia ugonjwa huo mwaka 1976, alikabidhiwa uongozi wa mapambano mwezi Julai 2019.

Na hapa ndipo swali la damu linapopata jibu la ajabu. Mojawapo ya dawa mbili zilizothibitika kuokoa maisha katika mlipuko huo, ile iliyojulikana kwa jina la mAb114, ilitokana na kingamwili za mtu aliyenusurika Ebola mjini Kikwit mwaka 1995. Damu ya Mkongomani ilikwenda maabara za Marekani, ikarudi kuwaponya Wakongomani. Ni habari ya kutangazwa kila kijiji. Lakini mwananchi makini atauliza zaidi: dawa hiyo sasa ni mali ya nani, na mlipuko mwingine ukitokea itafika kwetu kwa haraka gani? Mashirika ya misaada yamekuwa yakilalamika kuwa dawa hizo hazipatikani kwa urahisi katika nchi zinazozihitaji. Kuuliza si ujinga.

Neno "jaribio"

Kikwazo kingine kimo katika lugha yenyewe. Nchini Kenya, Uganda na Tanzania, elimu ya sayansi kuanzia sekondari hutolewa kwa Kiingereza; katika Kongo kwa Kifaransa. Mwanasayansi wetu hujifunza kazi yake kwa lugha moja na kutakiwa kuieleza kwa nyingine, ambayo hakuwahi kufundishwa kuitumia maabarani.

Chukua neno jaribio. Kwa mtafiti ni hatua ya kawaida ya kupima kama dawa inafaa. Lakini katika masikio ya Mswahili neno hilo ni ndugu wa majaribu, yaani mitihani na misukosuko ya maisha. Kumwambia mzazi kuwa mwanawe "atafanyiwa majaribio" ni karibu sawa na kumwambia atafanywa panya wa maabara. Neno chanjo nalo lilikuwepo kabla ya sindano: mganga huchanja kwa wembe na kupaka dawa. Asiyejua historia hiyo hatambui kwa nini watu wanauliza ni dawa ya nani iliyomo ndani.

Si kweli kwamba Kiswahili hakina uwezo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990, na maneno kama kingamwili, vinasaba na usanisinuru yamekwisha kuzoeleka shuleni. Tatizo ni kwamba istilahi hizo zimebaki vitabuni. Isitoshe, Kiswahili cha Dar es Salaam sicho cha Goma wala cha Bunia, na bibi wa Kilifi huenda akaelewa vyema zaidi akiambiwa kwa Kigiriama. Kutafsiri fomu ya ridhaa siku moja kabla ya utafiti kuanza ni kuchelewa mno.

Kijiji kimekubali, taifa limekataa

Mtihani mkubwa zaidi unakuja na mbu. Wanasayansi wanatafuta njia ya kubadilisha jeni za mbu wanaoeneza malaria ili wasiweze kuzaliana au kubeba kijidudu. Utafiti wa aina hiyo unafanywa katika maabara zilizofungwa huko Entebbe nchini Uganda, na Tanzania Taasisi ya Afya ya Ifakara inashirikiana na Chuo cha Imperial cha London katika maabara yake ya Bagamoyo.

Dawa ya kawaida humwingia aliyekubali kuinywa. Mbu hana mpaka, wala haombi ridhaa. Akiachiliwa katika kijiji kimoja anaweza kufika cha jirani, na pengine nchi ya jirani. Basi ni nani mwenye haki ya kukubali kwa niaba ya wote?

Burkina Faso ilidhani imepata jibu. Watafiti wake, chini ya mradi wa Target Malaria, walifanya mikutano ya miaka mingi, wakatunga maneno ya lugha za wenyeji, hata wakatumia michezo ya kuigiza. Mwaka 2019 mbu dume tasa waliachiliwa katika kijiji cha Bana. Hata hivyo, upinzani ulikua mijini, miongoni mwa mashirika ya kiraia yaliyouona mradi huo kuwa ni mkono wa wafadhili wa nje, katika nchi ambayo sasa inaongozwa na wanajeshi wenye msimamo mkali dhidi ya nchi za Magharibi. Mwezi Agosti 2025 serikali iliamuru shughuli zote zisitishwe.

Kampala na Dodoma wana la kujifunza hapo. Mazungumzo ya kijijini, hata yakiwa mazuri kiasi gani, hayachukui nafasi ya mjadala wa taifa: bungeni, redioni, misikitini na makanisani. Pia yanaonyesha kuwa chanzo cha fedha nacho ni ujumbe. Mradi ukifadhiliwa wote kutoka ng'ambo, maelezo ya mwanasayansi mzawa yatasikika kama maneno ya aliyemtuma.

Nani atalipia mazungumzo?

Sehemu kubwa ya kazi ya kuwashirikisha wananchi katika eneo letu imelipiwa na mifuko ya Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake na hatimaye kulifunga shirika lake la misaada, USAID, miradi mingi ya afya ilikatika ghafla. Watu waliokuwa wameombwa kushiriki utafiti kwa ahadi ya kufuatiliwa kwa muda mrefu waliachwa bila maelezo. Ahadi iliyovunjwa namna hiyo itakumbukwa barazani siku mtafiti mwingine atakapokuja, hata kama yeye hana hatia.

Serikali za Afrika Mashariki zimeahidi mara nyingi kuongeza fungu la utafiti, na mara nyingi ahadi hiyo haikutimia. Viongozi nao wana sehemu yao. Mwaka 2020 Rais John Magufuli wa Tanzania aliwaambia wananchi kuwa sampuli za papai na mbuzi zilipimwa na kuonekana zina virusi vya corona, na takwimu zikaacha kutangazwa. Mwezi Julai 2021 mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, alichanjwa hadharani. Ndani ya mwaka mmoja na miezi michache, wananchi walisikia mambo mawili yanayopingana kutoka katika kiti kimoja. Hakuna siku ya sayansi inayoweza kuufuta mkanganyiko huo upesi.

Hata hivyo, hamu ya watu haijafa. Tarehe mosi Septemba mwaka 2016 maelfu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kushuhudia jua likipatwa na kubaki mfano wa pete. Wanafunzi walikuja kwa mabasi, wakulima kwa miguu, na miwani maalumu ikapokezanwa mkono kwa mkono. Miaka mitatu kabla yake, Pakwach kaskazini mwa Uganda ilikuwa imeona tukio kama hilo. Hakuna aliyelazimishwa kuja, na hakuna aliyetolewa damu.

Tarehe 2 Agosti mwaka 2027 jua litapatwa tena, kikamilifu kuanzia Hispania hadi Misri, Jeddah na Makka, na kwa sehemu katika anga za Oman na eneo kubwa la Afrika Mashariki. Kwa vyuo vikuu vyetu, na kwa wataalamu wetu walioko Muscat, London au Minneapolis, hiyo ni nafasi ya kukutana na umma bila kuomba chochote kutoka kwao.

Huenda hapo ndipo pa kuanzia. Mwanasayansi aliyekwisha kumwonyesha mtoto wa kijiji mwezi ukilifunika jua, akamjibu maswali yake kwa lugha yake na kukiri asiyoyajua, hatakuwa mgeni siku atakaporudi na sindano. Ataulizwa swali lilelile la damu, kwa sababu ni haki ya kila mwenye damu kuuliza. Tofauti ni kwamba siku hiyo ataulizwa na mtu anayelisubiri jibu.